Jioni Tuliyopiga Jazi Wakati wa Mgomo

Walinipa dakika tano nimsifu Kristofa Mwandoe mbele ya jeneza lake, nami nikatumia nusu dakika. Nilisimama, nikashika kiti cha mbele yangu kwa sababu magoti yangu siku hizi hayana uaminifu, nikasema, "Kristofa alijua kupuliza saksafoni. Sijamsikia mwingine hapa Changamwe aliyeipuliza kama yeye. Mengine ayajua Mungu." Nikakaa. Mjukuu wake, binti mpole aliyekuja kunichukua Likoni kwa gari asubuhi ile, alinitazama kama mtu aliyeagiza chakula akaletewa maji. Njiani alikuwa ameniambia kwamba katika bendi ile ya zamani nimebaki mimi peke yangu, na kwamba jamaa wote walikuwa na hamu ya kusikia habari za mwaka wa mgomo: babu alivyowapigia wagomaji muziki, babu alivyowakatalia wakubwa. Maneno hayo yalikuwa yameshachapishwa kwenye karatasi ya mazishi, chini ya picha yake. Mchungaji akayasoma kwa sauti nzito, watu wakatikisa vichwa kwa heshima, na mimi nikawa natazama vidole vya miguu yangu.

Sikumpinga mchungaji. Wajukuu wa marehemu hawakunikosea kitu, na pilau yao niliila. Lakini tangu siku ile sipati usingizi wangu wa mchana, na kila nikifumba macho nasikia ile karatasi ikisomwa. Kwa hiyo naandika. Ningependa kusema kwamba naandika bila kinyongo, kama watu wazima wanavyotakiwa kufanya, lakini huo utakuwa uongo wa pili juu ya ule wa kwanza. Naandika nikiwa na hasira. Fungu kubwa la hasira hiyo ni la Kristofa. Lililobaki lina mwenyewe pia, na msomaji atamjua kabla sijamaliza.

Mwaka ule ulikuwa wa pili tangu vita kwisha. Nilikuwa na miaka ishirini, nimeshaolewa na kuachwa, na nilikuwa nimetoka Likoni na kupanga chumba Changamwe kwa sababu ambazo hazihusiani na habari hii. Nyumba ilikuwa ya udongo, ya makuti, yenye vyumba viwili tu. Kimoja changu, kingine cha Kazungu na mkewe Sidi, watu wa bara ya Kaloleni. Kazungu alikuwa mpakuzi wa bandarini, mtu mrefu wa maneno machache, na ukuta uliotutenga haukufika juu. Ulikoma mahali ambapo mtu akisimama juu ya kitanda angeweza kuchungulia ng'ambo. Basi nilikuwa nasikia kila kitu: Kazungu akisuguliwa mgongo kwa mafuta ya nazi, Kazungu akilalamikia gunia la sukari lililomteleza, Sidi akimhesabia siku zilizobaki kabla ya posho. Nao walinisikia mimi. Nikianza kuimba kwangu nikikunja nguo, Sidi alikuwa akiitikia kwake akisonga sima, bila kuniona wala kuniuliza, na sauti yake nzito ilikuwa ikipanda juu ya ukuta ule na kukaa chini ya yangu kama kigoda. Karibu kila jioni tulikula pamoja, sima kwa mchuzi wa papa, uani, yeye na mimi kwenye sinia moja baada ya Kazungu kula. Majirani walikuwa wameshaanza kuniita mwanamke wa klabu, na wengine walitema mate nikipita na kanga yangu. Jamaa zangu wa Likoni walinitumia salamu kwa mtu wa kivuko kwamba jina langu halitajwi tena nyumbani. Sidi aliyasikia yote hayo, akasema, "Waache. Wewe kula."

Klabu yenyewe ilikuwa banda la mabati nyuma ya duka la fundi wa nguo mmoja Mgoa, Bwana Minezi, ambaye mchana nilimfanyia kazi ya kutia vifungo na kupiga pindo. Wakati wa vita banda lilikuwa ghala la jeshi. Jeshi lilipoondoka, Bwana Minezi akatia sakafu ya saruji, akapanga mabenchi pembeni, akachora nyota ya buluu ukutani, na Jumamosi kuanzia alasiri ikawa mahali pa dansi. Walikuja makarani wa reli, mafundi wa Kishelisheli na wake zao, askari waliorudi kutoka Burma ambao hawakujua la kufanya na miguu yao. Joto la mle ndani sijawahi kulipata pengine. Mabati yalikuwa yamepikwa na jua mchana kutwa, na tukianza kupiga yalikuwa bado yanarudisha moto wake vichwani mwetu. Kristofa alikuwa mmoja wa hao askari. Mtaita, mweupe wa meno, mnyoofu kama rula, aliyejifunza saksafoni katika bendi ya jeshi na kurudi nayo ndani ya mfuko wa turubai. Salimu wa Kisauni alipiga gitaa. Joni, kijana mnene asiyependa kusemeshwa, alipiga dramu alizoziunda kwa mapipa na ngozi ya mbuzi. Kristofa alinisikia nikiimba juu ya cherehani, akaja akasimama mlangoni mwa duka, akasema, "Bi Mwanajuma, sauti hiyo unaimaliza kwenye vifungo." Ndivyo nilivyoingia.

Namchukia, lakini nitampa haki yake. Aliposhika saksafoni ile, mtu asiye na haya alikuwa anaona haya na mtu mwenye haya alikuwa anacheza. Alitufundisha nyimbo za santuri za wanajeshi wa Kimarekani, mimi nikiimba maneno nisiyoyajua, mpaka yeye mwenyewe akasema tutie Kiswahili, watu wamechoka kudanganywa kwa Kiingereza. Alikuwa na subira na wimbo. Subira na watu hakuwa nayo. Salimu akikosea uzi mmoja, Kristofa alikuwa akisimamisha bendi nzima na kumtazama mpaka jasho limtoke mwenzake. Mimi alikuwa akiniambia, "Umeimba vizuri, lakini umeimba kwa ajili yao. Imba kwa ajili yangu." Nilikuwa na miaka ishirini, na maneno hayo nilidhani ni ya muziki.

Mgomo ulianza Januari, katika lile jua la Januari ambalo halina huruma na mtu. Kazi zilisimama siku moja: bandarini, relini, mahotelini, hata wapishi na maboi wa majumba ya wazungu waliweka aproni chini wakatoka. Mshahara haukutosha kulisha mtu na mkewe, hilo ndilo lililokuwa neno, na kila mtu alilijua kwa tumbo lake. Wanaume walikuwa wakienda kisiwani kwenye mikutano asubuhi na kurudi jioni na vumbi na sauti zilizokauka. Sisi wanawake wa Changamwe tukafungua jiko nyuma ya nyumba yetu. Muhogo ulikuja kwa vichwa vya watu kutoka bara, jamaa za kina Sidi, na mbaazi, na nazi, na siku moja papa mzima. Sidi ndiye aliyekuwa mkubwa wa sufuria. Duka la Bwana Minezi lilikuwa limefungwa na klabu imefungwa, kwa hiyo nilikuwa nakuna nazi toka alfajiri, na huko kwenye mbuzi ya kukunia nazi nikatunga wimbo. Haukuwa wimbo mkubwa. Ulisema kamba zimelala chini, meli imelala majini, na tajiri apewe gunia alisukume mwenyewe aujue uzito wake. Kiitikio kilikuwa "Sukuma, sukuma mwenyewe," na Sidi alikuwa akikiitikia kwa ile sauti ya kigoda huku akigeuza mwiko, na wanawake thelathini wakimfuata. Siku ya nne wanaume walikuwa wanaondoka nao kwenda mkutanoni. Sijapata kuwa na furaha kama ile. Nasema hivyo ili ijulikane nilikuwa na nini mkononi kabla sijakitupa.

Siku ya saba Kristofa alikuja jikoni. Hakukaa. Alizungumza nami pembeni, kofia mkononi.

"Jumamosi tunapiga klabuni," akasema.

"Watu wamegoma, Kristofa. Wanaouza vinywaji wamegoma. Tutampigia nani?"

"Wakubwa wa maghala ya mafuta wamekodi ukumbi. Wataleta mashine ya umeme na kipaza sauti. Watakuwa na wageni wao."

"Wageni gani? Wale wanaoshika kazi za wenzao?"

Akatabasamu. "Wazee wa mgomo wamekubali. Nimezungumza nao mwenyewe. Wanataka wimbo wako uimbwe mle ndani, masikioni mwao. Tutawapigia nyimbo zao tatu, nne, halafu wewe utasimama mbele ya kipaza sauti uwape huo. Hebu fikiri nyuso zao."

Nikafikiri nyuso zao. Zaidi ya nyuso zao nikafikiri kile kipaza sauti, ambacho nilikuwa nimekiona mara moja tu maishani, kwenye sherehe ya kumaliza vita, mkononi mwa mzungu aliyekuwa akikohoa.

Sasa nifike pale ambapo kwa miaka yote hii sijapafika na mtu ila mmoja. Ijumaa, siku moja kabla, nilikwenda dukani kwa Bwana Minezi kuchukua gauni nililokuwa nimeliacha nusu. Niliingia kwa mlango wa nyuma, na nilipokuwa nimeinama nyuma ya majora ya kitambaa nikasikia sauti upande wa ukumbi. Ilikuwa ya Kristofa na ya mzungu wa maghala, mtu mwenye Kiswahili kile cha kuamrisha bustanini.

"Wewe piga muziki kesho, hapana maneno ya siasa," mzungu akasema. "Watu yangu nachoka, nataka furahi kidogo. Wewe kwisha saidia mimi, mimi nasema na rafiki yangu ya hoteli huko Nyali. Kila Jumamosi, bendi yako."

"Na mwimbaji, bwana?"

"Hiyo manamuke ya kuimba pia. Wageni napenda."

"Na wagomaji wakiuliza, bwana?"

"Wewe kwisha fikiri uwongo muzuri, nafikiri."

Wakacheka wote wawili. Nilisikia hayo kwa masikio yangu mawili, nikiwa nimeshika gauni. Hakukuwa na ruhusa ya wazee. Hakungekuwa na wimbo wangu. Na ningeweza kutoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Kazungu, nyumbani kwetu, nyumba ya pili kutoka dukani, nikamwambia. Badala yake niliupita mlango wake, nikaingia chumbani kwangu, nikamaliza gauni. Lilikuwa la rangi ya zambarau. Nilikuwa nikitia sindano huku nikijiambia kwamba labda sikusikia sawa, labda Kristofa alikuwa akimchezea mzungu shere, labda nikifika mbele ya kipaza sauti nitaimba wimbo wangu hata wakikataa. Nilijiambia mengi. Neno nililolisikia sawasawa, ambalo halikutaka kutoka, lilikuwa Nyali. Ng'ambo ya ukuta Sidi akauliza, "Mwana, mbona huimbi leo?" Nikamwambia koo laniuma. Akaniletea maji ya tangawizi.

Jumamosi saa kumi na moja jioni jua lilikuwa bado kali. Lori lilikuwa limeegeshwa uani na mashine ya umeme juu yake, ikinguruma na kutoa moshi, na nyaya zikiingia dirishani. Ndani walikuwa wageni kama arubaini: wazungu waliokuwa wakishusha mizigo bandarini badala ya wagomaji, viganja vimechubuka nao wakionyeshana kwa fahari, wake zao, na makarani kadhaa wa rangi mbalimbali waliobaki kazini, waliokaa karibu na ukuta wasijue watazame wapi. Vinywaji alivigawa Bwana Minezi mwenyewe, mzee yule. Salimu aliuliza, "Kristofa, una hakika na ruhusa?" Kristofa akasema, "Mwulize Mwanajuma, yeye yuko jikoni kwao kila siku." Salimu akanitazama. Nikainama kufunga kiatu.

Tulipiga vizuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Sikuwahi na sitawahi kuimba kama nilivyoimba jioni ile. Kipaza sauti kilichukua pumzi yangu ndogo kabisa, ile ambayo mtu huitoa kabla ya neno, kikaipeleka mpaka kwenye pembe za mabati, na nilipojisikia nikirudi kutoka kule mwisho wa ukumbi nilishtuka kwamba mwanamke huyo ni mimi. Kristofa alikuwa kushoto kwangu, amefumba macho, saksafoni yake ikiingia pale nilipotoka na kutoka pale nilipoingia, hatugusani. Joni alikuwa anatabasamu, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Hata makarani walianza kutikisa miguu. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu. Baada ya wa nne nikamnong'oneza Kristofa, "Sasa wangu." Akasema bila kunitazama, "Bado." Baada ya wa sita nikamwambia tena. Akasema, "Usiniharibie, Mwanajuma. Unajua tuko hapa kwa nini." Hapo ndipo nilipofahamu kwamba alijua kuwa najua. Labda aliuona mlango wa nyuma ukiwa wazi, labda alinisoma usoni. Hakuniuliza, nami sikumwuliza. Nikaimba wa saba.

Jiwe la kwanza lilipiga bati juu ya vichwa vyetu katikati ya wimbo huo. Wanawake wa kizungu wakapiga kelele, kisha wakacheka wakidhani ni embe. Likaja la pili, kisha mengi kwa pamoja, na bati lile likalia kama dunia inavunjwa. Joni akaacha kupiga. Mzungu wa maghala akaamuru tuendelee, na Kristofa akaendelea peke yake, akipuliza kwa nguvu mashavu yamevimba, mpaka mtu uani akakata waya na umeme ukazimika. Mwanga wa jioni ulikuwa ukiingia madirishani, na kwenye kila dirisha palikuwa na vichwa. Niliwajua. Niliwapakulia wote chakula juma lile.

Kazungu aliingia mlangoni, peke yake, bila fimbo. Wazungu walirudi nyuma kana kwamba ana bunduki. Yeye hakuwatazama. Alikuja mpaka mbele yetu, na kwa ile sauti yake ndogo akauliza, "Nani aliwapa ruhusa?"

Salimu akamgeukia Kristofa. Kristofa akafuta mdomo wa saksafoni kwa leso, taratibu, kama mtu mwenye wakati mwingi. Kisha akaninyooshea kidole.

"Mwulize huyu," akasema. "Ndiye aliyetuletea habari kwamba wazee wamekubali. Sisi twajuaje? Yeye ndiye wa jikoni kwenu. Mimi nilisema tusije, yeye akashikilia."

"Mwongo!" nikasema. "Mwongo mkubwa! Kazungu, wallahi—"

"Usiape," Kazungu akasema. "Nijibu. Ulijua kwamba hakuna ruhusa?"

Mtu asiyejua angesema sikujua, mara moja, bila kuvuta pumzi. Mimi nilivuta. Ilikuwa pumzi moja tu, lakini Kazungu aliiona, na nyuma yake mlangoni Sidi aliiona. Alikuwa amekuja na kanga yake ya jikoni, mikono ina unga wa muhogo. Nilimwona akinitazama gauni, kuanzia shingoni mpaka pindoni.

Basi nikafanya la kipumbavu. Nikaanza kuimba. Bila kipaza sauti, bila gitaa, nikatoka pale jukwaani nikielekea mlangoni, nikaimba wimbo wangu wa gunia, nikitaka waamini kwamba hilo ndilo nililokuja kulifanya. Niliimba ubeti wa kwanza mpaka mwisho, nikafika mahali pa kiitikio, nikanyamaza, nikawangoja. Uani walikuwa zaidi ya watu mia. Kila mmoja alikijua kiitikio kile. Sikusikia hata kikohozi. Nilimtazama Sidi. Midomo yake ilikuwa imefungwa kabisa, na machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta kwa sababu ya ule unga mikononi. Kisha akanipa mgongo, akaondoka, na wanawake wote wa jikoni wakamfuata.

Nilipotoka nje, mtu alinitemea mate usoni. Mwingine alivuta mkono wa gauni ukachanika begani. Mwanamke mzee, ambaye asubuhi nilimshikia mtoto, alinirushia konzi ya mchanga, akasema, "Nenda kwa mabwana zako." Kristofa na wenzake walipita nyuma yangu, na watu waliwapisha. Kosa lilikuwa limeshapata mwenyewe, na mwenyewe alikuwa mwanamke, tena wa klabu. Nyumbani nilikuta mlango wa chumba changu umefungwa kwa kamba kwa nje. Niligonga kwa kina Sidi. Kazungu akasema ng'ambo ya mlango, "Vyombo vyako vitatunzwa. Hapa hulali." Nikaenda kwa Bwana Minezi, nikalala juu ya majora, na alfajiri nikaanza safari ya miguu kuelekea kivukoni. Likoni nilipokewa na shangazi mmoja tu, aliyenipa chumba cha kuku na kuniambia nisionekane barazani.

Mgomo ulikwisha siku chache baadaye, watu wakarudi kazini kwa ahadi. Mwezi uliofuata Kristofa alikuja Likoni. Shangazi alimweka nje, juani, nami nikazungumza naye nikiwa ndani ya kizingiti.

"Nyali wametukubali," akasema. "Jumamosi tunaanza. Njoo."

"Nenda kwanza kwa Kazungu. Mwambie nani aliyesema uongo."

"Mambo yale yamekwisha. Watu wameshasahau."

"Kama wamesahau, hutapata tabu kuwakumbusha."

Akageuza kofia mikononi. "Na nikiwaambia yangu, niwaambie na yako? Ulikuwa nyuma ya majora, Mwanajuma. Nilikiona kiatu chako."

Nilimfungia mlango, na hiyo ndiyo mara ya mwisho kuzungumza na Kristofa Mwandoe hai. Alimpata mwimbaji mwingine. Bendi ikapata jina, ikapigiwa makofi Nyali na kwingine, na kadiri miaka ilivyokwenda, na wagomaji wale walivyoheshimiwa, ndivyo naye alivyosogea karibu nao katika hadithi zake, mpaka akawa kiongozi wao kwenye karatasi ya mazishi. Sikuimba tena katika bendi yoyote. Watu huniuliza kama najuta. Huwaambia waulize jingine.

Lakini mwaka wangu haukuishia hapo kizingitini. Baada ya mfungo wa Ramadhani, Sidi aliniletea salamu nije nichukue vyombo vyangu. Nilikwenda kwa kujikaza, nikitarajia kuvikuta vimetupwa uani. Nilikuta vimefutwa na kupangwa juu ya mkeka, na Sidi amepika wali wa nazi na mbaazi, na sinia moja limewekwa katikati, kama zamani. Alinishika mikono yote miwili.

"Salimu alikuja," akasema. "Alituambia yote. Kwamba Kristofa ndiye aliyewadanganya, wewe na wao. Kazungu hajui aseme nini, ameona haya amekwenda kutembea. Mwana, nisamehe. Nilikunyima kiitikio, nami nakujua."

Nilikuwa na njaa. Nilikuwa nimelala na kuku kwa miezi. Ningeweza kusema, "Yamepita, dada," tukala, na maisha yangu yangekuwa mengine. Tulikula tonge tatu. Ya nne nikairudisha kwenye sinia, nikamwambia. Nilimwambia habari ya mlango wa nyuma, na majora, na sauti ya mzungu, na Nyali. Nilimwambia kwamba alipokuwa akiniletea maji ya tangawizi mimi nilikuwa najua kila kitu, na koo langu halikuwa na kitu.

Sidi alinisikiliza mpaka mwisho. Hakukasirika, au kama alikasirika sikuona. Alinawa mkono wake wa kulia kwenye bakuli, akaukausha kwa kanga, kidole kwa kidole.

"Ungeniacha," akasema. "Ungeniacha nikuone mjinga. Mjinga ningemweka ndani ya nyumba."

"Nilitaka ujue kweli."

"Ulitaka wewe upumue." Akasimama. "Maliza kula. Mgeni haondoki kwangu na njaa. Kisha uchukue vyombo vyako uende."

Akaenda akasimama mlangoni, ananipa mgongo, akitazama nje. Nikavuta sinia karibu, nikala wali wote, upande wangu na upande wake, tonge baada ya tonge, naye hakugeuka mpaka aliposikia mkono wangu ukikwaruza bati tupu la sinia.